Wasifu wa Askari na Haki ya Nyumba Yake

Katika nchi ya Njombe na Makambako, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, maiti hapelekwi kaburini kabla ya kusomwa habari za maisha yake. Watu hukusanyika uani, wanawake juu ya mikeka, wanaume juu ya mabenchi na viti vya kukodi. Jeneza huwekwa chini ya turubai. Na mtu mmoja wa ukoo, aghalabu kijana aliyesoma, husimama na karatasi mkononi. Karatasi hiyo huitwa wasifu wa marehemu, au historia ya marehemu. Husomwa kwa dakika tano, hukunjwa, hutiwa mfukoni, na mara nyingi haionekani tena.

Kama aliyekufa alikuwa askari, karatasi hiyo ina mwendo wake unaojulikana. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani. Alibatizwa. Alisoma mpaka darasa fulani. Alijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Alishiriki katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Alipata cheo fulani na nishani fulani. Alistaafu. Aliugua. Alikuwa mcheshi, mwenye kuipenda familia yake. Ameacha mjane mmoja, watoto kadha na wajukuu kadha. Hapo msomaji hukaa, na kwaya huimba.

Makala haya yanashindana na karatasi hiyo. Hayashindani na huzuni ya wafiwa, wala na adabu ya mazishi, wala na kijana aliyeandika usiku kucha kwa mwanga wa simu ilhali jamaa wanaingia na kutoka. Yanashindana na desturi ya kuandika ambayo imemgawa mtu mmoja mafungu mawili, askari upande huu na baba upande ule. Kisha ikampa askari mistari sita, na baba ikampa hesabu ya watoto. Dai lake ni kwamba maisha ya askari hayawezi kuandikwa kwa haki pasipo kuandikwa nyumba yake, kwa kuwa nyumba ndiyo iliyolipa gharama ya vita, na ndiyo iliyompokea aliporudi. Wasifu usioifungua nyumba hiyo haumsitiri marehemu. Humzika mara mbili.

Nchi inayosemwa hapa si ngeni kwa habari za vita. Mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliyotoka Nyasa na majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalipita katika nyanda hizo, na mwezi wa Novemba kikosi kimoja cha Wajerumani kilisalimu amri Ilembule. Nyuma ya askari wa pande zote mbili walikwenda wapagazi, na wapagazi katika vita vile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walitwaliwa katika jeshi la K.A.R., ambalo watu waliliita Keya, na askari wa jeshi hilo walifika Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Mwaka 1964 taifa huru liliunda jeshi lake. Miaka 14 baadaye jeshi hilo lilikwenda Kagera.

Kwa wale wa kwanza hapana la kufanya tena. Wapagazi wa 1916 wamekwisha ondoka pamoja na wake zao na watoto wao, na kumbukumbu yao kubwa katika midomo ya watu ni jina la Kariakoo, ambalo wengi hulitamka wakiwa na kikapu cha nyanya mkononi pasipo kujua kwamba limetokana na kikosi cha wapagazi. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inaonyesha mtu na bunduki yenye singe. Ni sanamu nzuri. Lakini hata ikitazamwa siku nzima haisemi mtu yule alikuwa mume wa nani, wala nani alimngoja. Shaba na mawe havina uwezo huo. Uwezo huo ni wa lugha. Na lugha ikijifanya shaba, imeacha kazi yake.

Wa Kagera bado wapo. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958. Sasa anakaribia miaka 70 au amekwisha ifikia. Waliokuwa na miaka 30 wamo katika miaka ya mwisho ya uhai wao, na wengi wamekwisha tangulia. Waliokufa vitani wana makaburi yao Kaboya, katika Wilaya ya Muleba, na wana siku yao, 25 Julai ya kila mwaka, ambapo taifa huwawekea mashada, mkuki na ngao. Lakini yule aliyerudi, akalima, akalea, akazeeka, akafa kitandani kwake katika kijiji cha Njombe au katika mtaa wa Makambako, hana sehemu Kaboya. Karatasi ile ya dakika tano ndiyo mnara wake. Kwa sababu hiyo ubaya wa karatasi hiyo si jambo dogo la mtindo. Ni jambo la haki.

Yafaa sasa kuziweka tarehe za vita kando ya tarehe za jembe, jambo ambalo wasifu wa kawaida haulifanyi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba Rais Julius Nyerere alilitangazia taifa vita. Jeshi lilikuzwa upesi kwa kuongezwa mgambo, polisi, askari magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kampala ilitekwa 11 Aprili 1979, na mapigano yalikoma tarehe 3 Juni. Hizo ndizo tarehe za vita. Na za jembe ni hizi: nyanda za Njombe zina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba na kwisha Aprili au Mei. Mahindi hupandwa Novemba na Desemba, hupaliliwa Januari na Februari, na kuvunwa kuanzia Juni. Basi vita vilianza wakati wa kupanda vikaisha wakati wa kuvuna. Mkulima aliyeitwa katika mgambo, au askari ambaye nyumba yake ilitegemea shamba, alikosa mwaka mzima wa kilimo, tangu mbegu ya kwanza mpaka gunzi la mwisho. Na wale waliobakizwa Uganda kulinda amani baada ya vita, ambao baadhi yao walikaa huko mpaka mwaka 1981, walikosa zaidi ya mwaka mmoja.

Hata hivyo watoto wao walikula mwaka 1979. Nani alilima? Nani alipanda kwa mikono miwili mahali palipohitaji minne? Nani alibeba mtoto mgongoni akipalilia, na usiku akasikiliza redio ya jirani apate kujua kama Masaka imetekwa na kama mumewe yu hai? Wasifu husema kwamba marehemu alishiriki katika Vita vya Kagera. Kweli alishiriki. Lakini na mkewe alishiriki, na mama yake, na mtoto wake wa kwanza aliyeacha kucheza akashika jembe. Na hao wote, katika karatasi ya mazishi, wamekuwa neno moja tu: ameacha. Aliyeachwa mwaka 1978 akailinda nyumba isianguke huandikwa kana kwamba kuachwa kulianza siku ya kifo.

Tena vita havikuisha Juni 1979 kwa mwenye nyumba. Taifa lilitoka Uganda likiwa na ushindi mkononi na deni begani. Nyerere aliwataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile ikazaa miaka. Sabuni, sukari, mafuta ya taa na nguo vilikuwa vitu vya kupangiwa foleni. Mwaka 1983 serikali ilianza kuwasaka waliohesabiwa kuwa wahujumu uchumi. Na katika nyumba za vijijini mtu alihesabu vijiti vya kiberiti. Katika miaka hiyo ndipo askari aliyerudi alipolea. Alikuwa na nishani sandukuni, lakini hakuwa na sabuni ya kufulia nepi. Mgambo, ambaye hakuwa askari wa mshahara, alirudi kwenye shamba alilolikuta limelimwa na mwanamke, na ilimpasa ajifunze upya kuwa mwenyeji katika uwanja ambao ulijua kuendelea pasipo yeye. Je, alilikubali jambo hilo kwa shukrani, au lilimuuma? Alimwachia mkewe ufunguo wa ghala alioushika miezi saba, au alimnyang'anya? Katika jibu la swali hilo moja imo tabia ya mtu kuliko katika cheo chake chote. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na wasifu uliojua kuhesabu kuzaa ukashindwa kueleza kulea umetaja lililo jepesi ukaacha lililo zito.

Lipo na jambo la tatu, nalo ni gumu kulitaja, lakini kutolitaja ni gumu zaidi. Mkoa wa Njombe, uliotengwa na Mkoa wa Iringa mwaka 2012, umepata mateso ya UKIMWI kuliko mikoa mingine. Uchunguzi wa taifa wa 2011 na 2012 ulikuta katika mkoa huo watu 14.8 kwa kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na virusi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Na uchunguzi wa 2022 na 2023 ulikuta mkoa huo ungali mbele, kwa 12.7 kwa kila 100 kati ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Makambako ni mji wa njia panda, mahali ambapo barabara ya Songea huiacha barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, na ambapo reli ya TAZARA ina kituo chake; magari hulala hapo, na watu hupita. Hilo si la kumwaibisha mtu. Latajwa kwa sababu ya kizazi kilekile cha Kagera. Watoto waliozaliwa kabla ya vita na baada yake kidogo ndio waliofikia utu uzima katika miaka ya 1990, wakati ugonjwa ulipokuwa ukiua na dawa za kuuzuia hazijawafikia watu wa kawaida. Basi kuna wazee, askari wa zamani, waliorudi salama kutoka Masaka wakaja kuwazika watoto wao nyumbani. Waliokwisha maliza kulea walianza kulea tena. Mzee wa miaka 50 au 60 alifuata wajukuu shuleni, akaulizwa ada, akauza mbao za miti aliyoipanda kwa ajili ya uzee wake.

Karatasi ya mazishi yasemaje juu ya mtu huyo? Yasema ameacha watoto watano. Waliozaliwa walikuwa wanane. Watatu aliowazika hawamo, kwa kuwa ada ya karatasi ni kuhesabu walio hai. Na wajukuu aliowalea kama watoto wamo katika jumla ya wajukuu wote, pamoja na wale aliowaona Krismasi hata Krismasi. Mfano huu si wa mtu mmoja, wala haukutungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mwenye kuzijua nyumba za nchi ile atautambua. Ushujaa mkubwa kuliko wote wa maisha ya mzee yule haukutokea mbele ya adui. Ulitokea mbele ya sufuria ya uji, kila asubuhi, kwa miaka 15. Na huo ndio karatasi isioujua.

Wapo watakaoyapinga haya, na hoja zao zastahili kujibiwa moja moja.

Wa kwanza husema kwamba mambo ya nyumbani ni siri, na kwamba mtu aliyelitumikia taifa asemwe kwa utumishi wake tu. Hoja hii imevaa mavazi ya heshima, lakini ndani yake mna dharau. Yasema kwamba kulinda mpaka ni utumishi na kulea ni faragha. Lakini taifa lililotumikiwa ni kitu gani, kama si nyumba nyingi zilizokubali kuwa pamoja? Askari alikwenda Kagera ili watu wa Kagera wakae majumbani mwao. Kama nyumba ilistahili kufiwa, yastahili na kutajwa. Ipo siri ya kweli katika kila nyumba, na mwandishi mwenye adabu huipita kimya. Lakini jasho si siri. Kulima si siri. Kumsomesha yatima si siri. Anayeyafunika mambo hayo kwa jina la faragha anaficha kazi, hafichi aibu; na aghalabu kazi anayoificha ni ya mwanamke.

Wa pili husema kwamba maiti hasemwi ila kwa mema, na kwamba kuandika maisha kwa ukweli huleta fitina kaburini. Hapana anayetaka fitina. Lakini yatazamwe hayo mema yanayosemwa. Alikuwa mcheshi. Alipenda watu. Aliipenda familia yake. Sifa zinazomfaa kila maiti hazimfai hata mmoja. Ukibadilisha jina juu ya karatasi, karatasi itafaa mazishi ya kesho katika kijiji cha pili. Na kwa kweli karatasi nyingi zimenakiliwa hivyo. Je, huko ndiko kumheshimu marehemu, kumvika nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha watu wote? Kusema kwamba mtu aliipenda familia yake ni kusema neno tupu mpaka iongezwe namna: kwamba alitembea kutoka kijijini mpaka Njombe mjini kumpelekea binti yake blanketi la bweni, kwamba alirudi kutoka vitani akiwa mtu wa kushtuka usiku, akawa akiketi nje hata alfajiri ili asiwatishe watoto. Sentensi ya namna hiyo haina tusi wala kashfa, nayo humsifu kuliko vivumishi kumi. Mtu aliyeshindana na udhaifu wake akaushinda kwa ajili ya wanawe ana sifa ambayo asiyekuwa na udhaifu hawezi kuipata.

Wa tatu ni wasomi, na hao ndio wenye lawama kubwa, kwa kuwa wanajua. Husema kwamba wasifu wa mazishini si fasihi, ni hati tu, kama cheti. Kwamba hauna mtungaji, hauna mtindo, hauna chapa. Hoja hii ya kushangaza hutolewa katika lugha ambayo mwandishi wake mkuu wa karne iliyopita, Shaaban Robert, aliandika Wasifu wa Siti Binti Saad, na aliandika maisha yake mwenyewe akamtaja mkewe, kifo chake na upweke wake, pasipo kuona haya. Ni mtu huyo huyo aliyetunga Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita vikubwa vya 1939 hadi 1945, na ni mtu huyo huyo aliyemtungia bintiye Utenzi wa Hati. Mkono uliosimulia majeshi ya dunia haukuona kuwa umeshuka cheo ulipoandika kwa ajili ya mtoto mmoja wa kike. Waliomfuata wamesoma kitabu cha vita na kitabu cha nyumba kama kwamba ni waandishi wawili.

Kiswahili hakina upungufu wa tenzi za vita. Hemedi bin Abdallah alitunga juu ya Wajerumani walipoitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini alitunga juu ya Maji Maji. Na mwaka 1981 Henry Muhanika alitoa utenzi wake juu ya Vita vya Kagera, mwaka mmoja baada ya kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin. Kazi hizo zina haki zao. Lakini shabaha yao ni vita, na vita vina mwisho. Kurudi ndiko kusiko na mwisho. Juu ya kurudi, juu ya miaka 40 ambayo mtu huwa askari wa zamani na baba wa sasa, maandiko ni machache, na yaliyo mengi ni yale yanayosomwa uani na kutiwa mfukoni. Hiyo ndiyo fasihi ya kurudi. Kama ni dhaifu, udhaifu wake ni hoja ya kuifunza, wala si hoja ya kuikana. Mwanafunzi wa Kiswahili huandika tasnifu ya kumi juu ya riwaya ambayo tasnifu tisa zimekwisha iandama, akatafuta humo dhamira ya ujasiri na nafasi ya mwanamke; ilhali babu yake yu hai Makambako, na ujasiri umo humo, na mwanamke naye yumo, na hakuna aliyewauliza.

Na isisemwe kwamba jambo hilo haliwezekani, kwa sababu limekwisha fanyika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwasikiliza wazee waliokumbuka Vita vya Maji Maji, na kwa kazi yao sehemu kubwa ya yanayojulikana leo juu ya vita hivyo iliokolewa. Walikwenda miaka 63 baada ya vita kuanza, wakakuta watu wachache waliochakaa. Mwaka 1973 John Iliffe alihariri kitabu cha maisha ya Watanzania wa kisasa, kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa leo yu karibu zaidi na Kagera kuliko mwanafunzi wa 1968 alivyokuwa karibu na Maji Maji. Ana chombo cha kurekodi sauti ndani ya simu yake, na basi la kumfikisha kutoka Makambako mpaka Njombe, mwendo wa kiasi cha kilometa 60, kabla ya chai kupoa. Alicho nacho ni kingi kuliko cha wale waliotangulia, isipokuwa haya ya kuchelewa.

Basi lifanyike nini? Kwanza, wasifu uandikwe mtu angali hai. Karatasi iandikwayo usiku wa msiba haiwezi kuwa nzuri hata kama mwandishi wake ni hodari, kwa kuwa anayejua majibu amekwisha nyamaza. Mwanafunzi aende likizo ya Juni na Julai, wakati wa baridi kali, ambapo mahindi yanavunwa na wazee wanaota moto. Amwombe babu yake ruhusa, na amwulize kwa adabu. Mzee atamtajia Mutukula, Masaka, Lukaya, Entebe, atamtajia makamanda, na pengine atanyamaza mahali fulani, na mwanafunzi aiheshimu nafasi hiyo.

Pili, na hili ndilo lisilofanywa, amgeukie bibi yake. Amwulize: Bibi, mwaka ule babu alipokuwa Uganda, shamba lililimwa na nani? Mlikula nini mwezi wa Februari? Siku aliyorudi, nani alimwona wa kwanza? Wasifu wa askari aliyeoa haujakamilika kama shahidi wake wa kwanza si mkewe. Na wasifu wa mjane, utakaposomwa siku yake, useme wazi kwamba na yeye alikuwa katika Vita vya Kagera, katika kikosi kisichoandikishwa.

Tatu, waliozikwa wahesabiwe pamoja na waliobaki. Mtu aliyezaa wanane amezaa wanane. Na aliyelea wasiokuwa wake, kazi hiyo itajwe kwa jina lake la kazi, isifichwe katika jumla ya wajukuu.

Nne, kila sifa idai tendo lake. Mwandishi akitaka kuandika kwamba marehemu alikuwa mpole, aandike siku moja ya upole wake. Akikosa siku hiyo, aliache neno. Kanuni hii moja ikifuatwa, karatasi haitakuwa ndefu kuliko ilivyo sasa, lakini itakuwa ya mtu mmoja tu duniani.

Tano, aliyeandikwa asomewe. Mzee asikie maisha yake kwa masikio yake, akosoe, akatae, aongeze. Ni ajabu iliyoje kwamba kitabu pekee ambacho mtu wa kawaida huandikiwa, huandikwa siku ambayo yeye hawezi kukisikia. Na nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iwekwe katika maktaba ya chuo, mahali ambapo mfuko wa koti hauwezi kuimeza.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala kamati. Yahitaji mwalimu aikubali kuwa kazi ya darasa, na mwanafunzi aione kuwa kazi ya heshima. Chuo kinachofundisha wasifu wa wakubwa na kukataa wasifu wa wanyonge hakifundishi wasifu, kinafundisha ukubwa. Na idara inayojisifu kwamba inaienzi lugha ya taifa, ilhali waliolipigania taifa hilo wanazikwa kila juma kwa sentensi za kuazima, ina deni ambalo tasnifu hazitalilipa.

Njombe na Makambako zitaendelea kuzika. Mwaka huu, na mwaka ujao, na miaka michache ijayo, turubai itatandwa, kwaya itaimba, kijana atasimama na karatasi. Baada ya hapo hapatakuwa na askari wa Kagera wa kuzikwa, wala mjane wa kuulizwa nani alilima mwaka ule. Kijana huyo atakayesimama, katika nyumba nyingi, sasa hivi yu chuoni na anasoma Kiswahili. Karatasi atakayoishika yaweza kuwa ile ile ya siku zote, au yaweza kuwa maisha ya mtu. Aanze kuuliza likizo hii, maadamu wote wawili, mzee na mkewe, bado wanaota moto mmoja.